Samaki wa Nyota na Samaki wa Mkanda

"Na miye, utanihamisha lini?"

Bwalya alikuwa na miaka sita alipouliza hivyo, mwaka 1970, na aliyeulizwa alikuwa ameinama juu ya tangi la kioo, mkono mmoja ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko, mkono wa pili umeshika kinyavu kilichoshonwa kwa kipande cha chandarua. Ndani ya kinyavu mlikuwa na vitoto tisa vya samaki, vyeusi kama mbegu za papai, kila kimoja kimenyunyiziwa vidoa vyeupe mwili mzima. Asubuhi ileile vilikuwa vimetoka kinywani mwa samaki mmoja jike, mwenye kichwa cha buluu na mkanda wa manjano kiunoni. Sasa Yuma bin Asumani, fundi wa vioo, alikuwa anavitenga na jike huyo ili avipeleke tangi la pili, kwa wenzao wa vidoa.

Yuma alimtazama mtoto, akatazama kinyavu, akavimwaga vitoto mahali pavyo, akafuta mkono kwenye suruali na kusema mawe yanataka kugeuzwa.

Ni kweli mawe yalitaka kugeuzwa, maana yaligeuzwa kila siku. Samaki wale walitoka ziwa Tanganyika, kwenye miamba ya upande wa Moba, ambako wazamiaji waliwafukuza mpaka kwenye nyavu na kuwatia ndani ya mifuko ya plastiki. Kutoka Kalemie walipanda treni siku nne, wakafika Lubumbashi wamechoka, rangi zimepauka. Kazi ya Yuma ilikuwa kuwapumzisha wiki tatu katika nyumba moja ya mtaa wa Makomeno, mali ya bwana aliyeitwa Floribert, mpaka wapate nguvu ya kupanda ndege kwenda Ulaya, ambako watu huwaweka sebuleni na kukaa mbele yao bila kusema neno, kama watu waliokaa mbele ya moto. Na samaki hao hawakula kila chakula. Ukiwapa nyama, tumbo linavimba, kesho yake wanaelea. Walitaka ule ukijani unaoota juu ya jiwe lenye jua. Kwa hiyo Yuma alipanga uani mabeseni kumi na manne ya maji, akatia mawe ndani, akayaacha juani mpaka yakawa ya kijani kama mchicha. Akiingiza jiwe ndani ya tangi, samaki walilivamia na kuliparuza likabaki limenyolewa, na kesho yake lilirudi juani kuota upya.

Vijana wa mtaa waliokuwa wakipita njiani walimwita Baba Mawe.

"Baba Mawe, leo yamenenepa?"

"Yanakupita weye," alijibu bila kuinua kichwa. "Mama yako anakupikiaka nini?"

Baba yake Yuma alikuja kutoka Maniema na mzigo wa vitambaa kichwani, akajenga Kamalondo, mtaa mwingine wa Lubumbashi, akazaa watoto huko. Yuma hakupenda vitambaa. Alijifunza kukata vioo kwa Mgiriki mmoja, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa madirisha. Siku Floribert alipomletea mchoro wa sanduku la kioo la kuweka maji, alifikiri ni mzaha. Dirisha ni la kuzuia maji yasiingie. Hili lilikuwa la kuyazuia yasitoke. Sanduku la kwanza lilipasuka kwenye kona na maji yakatembea mpaka kwenye chumba cha Floribert, chini ya kitanda. La pili lilishika. La tatu lilishika. Mwishoni Floribert alimwambia abaki palepale na samaki, kwa sababu ndiye peke yake aliyejua kila tangi litavujia wapi.

Alibaki, na alileta katika kazi ile tabia za karakana yake. Nyumbani kwake Kamalondo, kila chombo kilikuwa na msumari wake ukutani, na mke wake Habiba alisema hata yeye usiku wa kiza, bila kuwasha taa, angeweza kumpa mtu koleo. Sasa, karatasi ambayo Floribert alipeleka kwa wanunuzi wa Ulaya ilikuwa na samaki wa aina mbili kutoka miamba ile. Kila aina ilikuwa na jina refu la wenye elimu ambalo hakuna mtu ndani ya nyumba ile aliyeweza kulitamka. Yuma aliwaita Mkanda na Nyota. Mkanda na mkanda, nyota na nyota. Akimkuta asubuhi mwenye vidoa kati ya wenye mikanda, aliona haya, kama mtu aliyekutwa na nyumba isiyofagiwa.

Lakini wenye vidoa walitokaje ndani ya kinywa cha mwenye mkanda? Jambo hilo halikumsumbua, kwa sababu alikuwa na maelezo yake tayari. Wazamiaji wa Moba walikuwa wamemsimulia habari za samaki mwenye sharubu, anayechomeka mayai yake katikati ya mayai ya mwingine, na yule mwingine akayabeba kinywani akifikiri ni yake. Waliapa wameona kwa macho. Basi Yuma akasema moyoni, huyu naye ni mama anayebebeshwa watoto wa watu. Na Nyota wakubwa, wazazi wenyewe, wako wapi? Hakuna aliyewahi kuwaona. Wazamiaji walisema watakuwa chini zaidi, kusikofikiwa. Hivyo kila mara jike wa mkanda alipofungua kinywa na kuachilia vitoto, Yuma alivichota siku hiyohiyo na kuvipeleka kwa rangi yao. Wiki mbili au tatu baadaye vilikuwa vimeuzwa na kuondoka, kwa maana wanunuzi walivipenda sana vikiwa vidogo.

Bwalya mwenyewe alifika katika nyumba ya Kamalondo kwa njia ya samaki. Baba yake, Pierre, Mkatoliki wa kaskazini, alikuwa mfanyakazi wa treni, na ndiye aliyeangalia mifuko ya samaki siku zote nne za njia, akiifunika mchana na kuitikisa kidogo ili maji yapate hewa. Mama yake, Mubemba wa huku kwetu, alifariki Bwalya akiwa na miaka miwili. Mwishoni mwa 1969 Pierre alimwacha binti kwa Yuma na Habiba kwa wiki mbili, mpaka arudi na mzigo mwingine. Homa ilimshika njiani. Alizikwa Kamina, na waliokuja kuleta habari ni wenzake wa treni, pamoja na mifuko ya samaki, maana samaki hawakuweza kungoja.

Ndugu pekee aliyejulikana alikuwa dada ya Pierre, Léonie, wa Kalemie. Wakati ule ilisemekana amevuka ziwa kumfuata mume wake, Kigoma. Yuma alituma salamu kwa watu wa treni, akatuma tena. Jibu halikuja. Yeye hakuacha kusema, kila mgeni alipouliza, kwamba huyu si mtoto wake, ameshikishwa tu.

Na alimshika kwa uangalifu wa kushangaza. Kila Jumapili alivaa kofia yake nyeupe ya msikitini, akamshika Bwalya mkono mpaka mlangoni mwa kanisa, kisha akakaa nje kwenye ukuta mfupi, akiongea na mama mwuza mikate mpaka misa iishe. Waumini walimzoea. Padri mmoja mzee alipenda kumtania, kwamba miaka yote hii yuko mlangoni, amebakiza hatua tatu tu. Yuma alijibu kwamba hatua hizo tatu amezitunza kwa ajili ya mtoto. Ndani ya kopo la bati aliweka cheti cha ubatizo cha Bwalya, rozari ya mama yake, na beji ya treni ya Pierre. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Habiba ndiye aliyechoka na mambo hayo. Mtoto wao mmoja, Asumani, alikuwa mkubwa, ana kazi kiwandani Likasi, na nyumba ilikuwa imenyamaza kabla Bwalya hajaja. Yeye hakuona kitu cha kushikishwa hapo. Aliona mtoto.

"Yuma," alimwambia siku moja akiwa anasuka nywele za Bwalya, "mutoto haiko dirisha ya bantu, eti utaitengeneza halafu utairudisha."

Kesho yake baada ya swali lile kwenye tangi, Yuma alimchukua Bwalya tena Makomeno, akamnyanyua juu ya kiti. Alimwonyesha jike mwingine wa mkanda, kidevu chake kimejaa kama mtu aliyeficha njugu.

"Unaona ule mama? Wiki tatu hakule. Anaogopa kumeza batoto. Na haiko batoto yake."

"Ni ya nani?"

"Ya bantu."

Bwalya alimtazama mama huyo wa watoto wa watu mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Maneno hayo aliyabeba miaka mitano. Shuleni walipomwuliza kama yeye ni wa Waislamu au wa mapadri, na kwa nini anakula kwa watu wasio wake, alijibu lolote lililomjia, lakini rohoni alimfikiria yule jike aliyefunga kinywa.

Mwanzoni mwa mwaka 1975 akaja Ngalula. Alikuwa msaidizi wa maprofesa katika chuo cha Kasapa, mwanamke kijana mwenye miwani na viatu vya vumbi, na mkononi alikuwa na nakala ya karatasi ya Floribert. Alizunguka matangi yote bila haraka. Kisha akamwuliza Yuma kama katika miaka yake yote amewahi kumwona Nyota mzee. Yuma akaeleza habari za samaki mwenye sharubu. Ngalula akasema, kwa heshima, kwamba samaki wa namna hiyo hayumo katika vitabu alivyosoma, labda yupo, labda ni hadithi ya wazamiaji. Yeye alitaka kitu kidogo tu. Alitaka jike mmoja wa mkanda aachwe na vitoto vyake tangi moja, mwaka mzima, bila kuchaguliwa.

Yuma alikunja uso. Mwaka mzima wa tangi lililochanganyika, ndani ya nyumba ambayo yeye ndiye anayeijibia.

"Kama ni kintu kimoja," Ngalula alisema, "majina mbili itabaki moja. Ile ingine itafutwa."

"Bon. Inchi iligeuzwa jina. Mto iligeuzwa. Mukoa yetu iligeuzwa, bantu pia. Sasa na samaki?"

"Samaki haitaulizwa, baba."

"Na shiye tuliulizwa?"

Ngalula alicheka, halafu akatazama mlangoni kuona ni nani yuko karibu, maana serikali haikupenda mzaha juu ya majina yake mapya. Kicheko hicho ndicho kilichompa tangi. Yuma alimkatia kioo kipya mwenyewe, akalijenga tangi zuri kuliko mengine yote, akaliweka pembeni kabisa karibu na dirisha, na kuanzia siku hiyo akalipita kama mtu anavyopita mbele ya nyumba ya jirani aliyekosana naye.

Kazi ya kuangalia ikawa ya Bwalya, kwa kuwa alikuwa na miaka kumi na moja na mkono wake ulijua kuchora. Ngalula alimpa daftari na penseli za rangi. Kila Jumamosi akae mbele ya tangi, achore kila kitoto kama anavyokiona, siyo kama anavyokijua. Maneno hayo alimrudishia mara mbili. Bwalya hakuyaelewa mpaka mwezi wa tano, alipojikuta anachora vidoa kwenye mkia wa kitoto kikubwa, akatazama tena, na kwenye mkia hapakuwa na vidoa. Alikuwa amevichora kwa mazoea.

Kuanzia hapo alitazama mara mbili kabla ya kuchora. Kichwa cha kitoto kile kilianza kugeuka rangi, kwanza kama wino uliotiwa maji mengi, kisha buluu yenyewe. Vidoa vilizimika kimoja kimoja kutoka nyuma kwenda mbele. Mwezi wa nane kiunoni kulionekana mstari hafifu, kama alama ambayo mpira wa soksi huacha mguuni. Mwezi wa tisa mstari ulikuwa wa manjano. Wakati huo Yuma naye alikuwa amepata sababu ya kupita upande ule: kioo kilikuwa kichafu. Alikisugua kila siku, kioo kisafi kuliko vyote ndani ya nyumba, na alipokuwa anasugua macho yake hayakuwa juu ya kitambaa.

Ngalula alikuja mwisho wa mwezi wa kumi na moja, akafunua daftari kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akalifunga. Akawaambia Yuma, Floribert na Bwalya, waliokuwa wamesimama mbele yake kama wanafunzi, kwamba ni samaki mmoja. Wenye nyota ni watoto, wenye mkanda ni wakubwa. Ataandika, na wenye elimu wakikubali, jina moja litaondoka katika orodha. Floribert alianza kunung'unika kuhusu wanunuzi wake na karatasi zake. Yuma alikaa juu ya beseni lililopinduliwa.

"Kwa hiyo bile bitoto," alisema, "ku kinywa ya ule mama. Bilikuwa bake?"

"Bilikuwa bake, baba. Byote."

Alianza kuhesabu kitu kwa vidole, akafika katikati ya mkono wa pili, akaacha.

Bwalya alimwona, lakini hakumwelewa, maana alikuwa na yake. Kama vitoto vile vilikuwa vya mama yao, basi hakuna mama aliyebeba watoto wa watu. Na samaki mwenye sharubu hayumo vitabuni. Jambo lile aliloliegemea tangu utotoni lilikuwa limeondolewa kwa penseli zake mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kila mtoto ni wa mama yake, na daftari ndilo lililosema.

Wiki ileile watu wa treni walileta salamu kutoka Kalemie. Léonie amerudi kutoka ng'ambo ya ziwa, amepata habari za mtoto wa kaka yake, anakuja Lubumbashi kumchukua. Atafika Alhamisi, ataondoka na treni ya Jumamosi.

Yuma alishusha kopo la bati, akafuta vumbi, akaliweka mezani. Bwalya hakungoja kuambiwa. Alitoa valizi ya baba yake chini ya kitanda, akatia magauni mawili, kitabu cha katekisimu na viatu vya Jumapili, akaifunga na kuisimamisha karibu na mlango. Habiba aliikuta hapo. Alileta ungo wake wa maharagi, akakaa juu ya valizi ile na kuanza kuchambua. Alichambua asubuhi nzima maharagi ambayo yangetosha kilio cha watu mia, na kila aliyetaka kupita aliambiwa azungukie nyuma.

Léonie hakuwa mtu wa kuogopwa. Alishuka kwenye treni na kikapu cha ndakala, wale dagaa wakavu wa ziwani, kikwembe chake kimekunjamana kwa siku nne za kukaa, na alipomwona Bwalya alimshika mashavu na kulia, kwa kuwa mtoto alikuwa na paji la uso la Pierre. Nyumbani alisalimia kila mtu kwa mpangilio. Yuma akafungua kopo, akatoa cheti, akatoa rozari, akatoa beji, akaviweka mbele yake kimoja baada ya kingine. Léonie aliishika beji muda mrefu. Alisema hakujua kama kuna mtu duniani bado anaitunza. Akawashukuru kwa maneno mazuri, akasema Mungu atawalipa, na kwamba sasa mzigo wao umepata mwenyewe.

Siku ya pili yake, Ijumaa, Yuma alirudi kutoka swala ya mchana na kuomba jambo moja. Alitaka kumwonyesha Léonie mahali ambapo samaki wa kaka yake walikuwa wanafikia. Walikwenda wote wanne, hata Habiba, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kukanyaga nyumba ile kwa sababu alisema harufu ya samaki wasiopikwa inamchosha.

Yuma aliwapeleka moja kwa moja kwenye tangi la pembeni. Jike alikuwa mle, na kuzunguka jiwe lake walikuwa vijana tisa: wengine bado wana vidoa viwili vitatu shingoni, wengine mkanda umekamilika. Akachukua kitambaa akaanza kusugua kioo.

"Dada Léonie, nikwambie kintu. Hapa ndani nilikuwa naondosha bitoto ku mama yake. Miaka na miaka. Karatasi ilisema rangi na rangi, nikaona nafanya kazi muzuri. Kumbe bilikuwa bake. Hakuna hata mumoja ya ule mama nilimuachia."

Kitambaa kilikuwa kimesimama.

"Mutoto ni wa kwenu, sikatae. Vintu vyake vyote nilivichunga, mumeona. Lakini kuondosha mutoto tena, mikono yangu haitaweza. Naomba muniachie."

Bwalya hakuwahi kumsikia Yuma akiomba kitu. Alikuwa mtu wa kupewa kioo na kukikata. Habiba alitazama sakafu. Léonie alitazama samaki, akamtazama yule mzee wa kofia nyeupe, kisha akamgeukia mtoto.

"Na weye unasema nini?"

Bwalya alitaka kusema ndiyo, lakini miezi kumi na moja ya kuchora kitu kama anavyokiona ilikuwa imemfanya asiweze hata uongo mdogo. Alisema vile vitoto vilikuwa vya mama yao kweli. Yeye si wa Baba Yuma kweli. Si sawasawa.

Léonie alimkazia macho.

"Miye nilikuuliza mambo ya samaki? Nakuuliza ukiwa mugonjwa unaitaka nani."

"Mama Habiba."

Habiba akafunika uso kwa ncha ya kikwembe. Léonie alipumua kwa nguvu, kama mtu anayetua kikapu.

"Bon. Na hii ndakala yote nilibeba ya nani?" alisema. "Twende ipikwe."

Mambo mengine yalipangwa jioni juu ya ndakala hizo. Bwalya atabaki Lubumbashi kwa masomo. Kila likizo kubwa atapanda treni kwenda Kalemie, ajue watu wake, ajue lugha ya bibi zake, aone ziwa. Yuma aliongeza, kabla hajaulizwa, kwamba Jumapili itabaki Jumapili.

Ikawa hivyo. Bwalya aliona ziwa, akaona miamba, na mwaka wa tatu mzamiaji mmoja alimfunga kioo cha kuzamia usoni akamwambia atazame chini: walikuwa mle, vidoa na mikanda pamoja, wakiparuza mawe ambayo hakuna mtu aliyeyageuza. Karatasi ya Floribert ilibaki na jina moja. Matangi ya Makomeno hayakuchaguliwa tena. Floribert alipolalamika kwamba ni fujo, Yuma alimwambia hiyo si fujo, ni familia. Ngalula alituma nakala ya maandishi yake, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, alimshukuru fundi Yuma wa Lubumbashi na mwanafunzi Bwalya kwa michoro. Yuma hakujua Kifaransa cha namna ile. Alimwomba Bwalya amsomee mstari ule, akamwomba tena, akaukata kwa wembe wa vioo na kuutia ndani ya kopo.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho Bwalya hakukimeza. Siku ile mbele ya tangi Yuma aliomba aachiwe, ndiyo, lakini aliomba kwa sababu ya samaki, baada ya samaki kumwonyesha kosa lake. Kabla ya hapo, miaka sita, mtoto alikuwa ameshikishwa tu, vitu vyake vimefungwa ndani ya kopo, tayari kurudishwa. Ingekuwaje kama Ngalula hangekuja?

Mwaka 1980 alikuwa na miaka kumi na sita, yuko sekondari, mwenye maswali mengi hata mwalimu wa biolojia alimwomba apumzike. Yuma alikuwa amezeeka. Alikata kioo kwa kusikiliza mlio wa wembe kuliko kwa macho, na mawe aliyageuza akiwa amekaa, akisogeza kigoda kutoka beseni hadi beseni. Mchana mmoja baada ya masomo Bwalya alikuwa anamsaidia, maji ya mabeseni yana joto la jua, mikono yao ya kijani. Akamwambia kwamba zamani, akiwa mdogo, aliwahi kumwuliza jambo mbele ya tangi, na yeye akaenda kugeuza mawe.

Alifikiri mzee atasema amesahau. Yuma aliweka chini jiwe lililokuwa mkononi.

"Tikiti yako ilikuwa mu mufuko," alisema. "Ya Jumamosi. Nilikuwa nimesemezana na benzake ya Pierre, bakupeleke Kalemie, batafute bantu ya baba yako. Niliona ndiyo haki. Nilitaka nikwambie siku ile, nikimaliza kuhamisha bile bitoto. Sasa weye ukaniuliza mbele ya kukwambia. Nikashindwa."

Alisugua kijani kwenye kidole gumba, polepole.

"Nikaenda ku gare, nikarudisha tikiti. Nikadanganya, nikasema mutoto iko na homa, hawezi safari. Ule muntu wa tikiti akaniuliza, basi tuandike siku gani? Nikamujibu: siku homa itaisha. Haijaisha."